Mizani za kupima mafuta ya mwili zinazouzwa Goma: ipi ununue, na namba zake uzisome vipi

Mizani ya kioo yenye vibati vinne vya chuma juu yake imeenea sana Goma. Utaikuta Birere kwenye maduka ya vifaa vya umeme, utaikuta katikati ya mji kando ya mashine za kukimbilia, na vijana wengi wanaipanda mara ya kwanza kwenye sale (ukumbi) ya mazoezi. Muuzaji anaahidi mengi: simama sekunde kumi, simu yako itakuonyesha asilimia ya mafuta, kilo za misuli, uzito wa mifupa, maji ya mwili, mpaka "umri wa mwili". Mwenye miaka 22 akiambiwa mwili wake una miaka 31, anarudi nyumbani na huzuni ambayo haina msingi.

Tunavyoiona sisi: kwa kupima kilo, mizani hizi ni nzuri na nyingi zinasema kweli. Kwa kupima mafuta, zinasaidia mtu anayejilinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kwa masharti ambayo tutayaeleza. Kwa kukuambia kama una pumzi na nguvu, haziwezi kabisa, na hapo ndipo pesa nyingi za vijana zinapopotea.

Tuanze na kile mizani inachopima kwa kweli. Ukisimama pekupeku, umeme mdogo sana, usiofika miliampea 1, unaingia kwa vibati vya mguu mmoja, unapanda, unapita sehemu ya chini ya tumbo, unashuka kwa mguu wa pili. Maji yenye chumvi za mwilini yanapitisha umeme. Misuli, ambayo karibu robo tatu yake ni maji, inaupitisha vizuri, mafuta yanaukatalia. Mizani inasoma ule ukinzani, basi. Ukinzani na uzito ndivyo vitu viwili pekee ilivyovipima. Mengine yote unayoyaona kwenye simu yamepigwa hesabu kwa fomula, kwa kuchanganya hivyo viwili na urefu, umri na jinsia uliyoandika mwenyewe.

Jaribio moja linatosha kumwonyesha mtu jambo hili. Jipime. Kisha ingia kwenye programu ya simu, badilisha umri kutoka 22 uweke 45, panda tena. Mwili ni uleule, dakika haijaisha, umeme umepita njia ileile, lakini kwenye mizani nyingi asilimia ya mafuta imehama. Fomula inachukulia kwamba mtu wa miaka 45 ana mafuta mengi zaidi, kwa hiyo inamwongezea. Ndiyo maana urefu ulioandikwa kwa kukisia unaharibu kila kitu. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kigumu juu ya kichwa, piga alama, pima kwa futi ya fundi nguo, halafu andika hiyo namba. Sentimita tatu za kujisifu zinabadilisha jibu kila siku utakayopanda.

Sasa fikiria msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mabega, mgongo na mikono yake vimejengwa na mizigo ya viazi, makala (makaa) na saruji, lakini umeme wa mizani ya miguu haufiki huko juu. Mizani inapima miguu na kukisia kifua. Halafu kuna nyayo. Mtu anayetembea kila siku juu ya mawe ya lava ana ngozi ngumu chini ya mguu, mara nyingi na magaga kisiginoni, na ngozi kavu nene inazuia umeme. Mizani haijui kama kizuizi ni ngozi au ni mafuta; yote inayahesabu kuwa mafuta. Hata miguu mirefu kuliko kawaida ya urefu wa mtu inaongeza namba, kwa sababu umeme unasafiri njia ndefu zaidi, kama waya mrefu unavyokinza kuliko mfupi. Kijana wa namna hiyo akiambiwa ana mafuta asilimia 24, asikimbilie kufunga kula.

Zinazouzwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni hiyo ya miguu pekee. Ya pili ina vibati vya miguu pamoja na mpini wa kushika kwa mikono miwili, uliofungwa kwa waya. Umeme unapita mikono, kiwiliwili na miguu, kwa hiyo inakisia kidogo kuliko ya kwanza. Bei yake inapanda sana. Ya tatu ni kifaa cha kushika mkononi tu: hicho kinasoma mikono na kifua na kuacha tumbo na mapaja, sehemu ambazo ndizo zinazobeba mafuta mengi. Hiyo ya tatu usiinunue. Ya mpini inafaa sale ya mazoezi inayopima watu wengi kila wiki. Kwa mtu mmoja nyumbani, ya miguu inatosha, mradi iwe na kioo chake cha namba na ionyeshe kilo bila simu, kwani siku simu imezimika kwa kukosa umeme bado utataka kujua uzito wako.

Dukani, usilipe kabla hujaijaribu. Muombe papa au mama muuzaji aiweke kwenye simenti au karo (kigae), si juu ya katoni wala kapeti. Geuza chini uangalie miguu minne: kila mguu una kipimo chake ndani, na kipira kimoja kikikosekana uzito unalalia upande. Vuta kile kikaratasi cha plastiki kinachozuia betri. Mizani nyingi zinazorudishwa kama "zimekufa" hazijawahi kuvuliwa hicho kikaratasi. Igonge kwa mguu, subiri 0.0, ndipo upande. Kila ukiihamisha, panda mara moja ushuke ili ijirekebishe, kisha upande mara ya pili. Kipimo cha kwanza baada ya kuhamisha kisikusumbue.

Kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Baadhi ya mizani zinahifadhi uzito wa mwisho, na ukirudi juu ukiwa karibu na uzito ule zinarudisha namba ileile, ili zionekane thabiti. Mtu anafurahi: "Tazama, mara tatu 68.4!" Wakati mizani inarudia tu ya kwanza. Kuigundua ni rahisi. Jipime, shuka, panda tena umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Inapaswa kuongezeka 0.5. Isipoongezeka, au ikiongezeka siku nyingine na siku nyingine isiongezeke, iache hapo hapo, kwa sababu itakuficha mabadiliko madogo ambayo ndiyo unayoyatafuta.

Kisha jaribu mzigo mkubwa zaidi: pakiti ya chupa sita za maji za lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Maji yake ni kilo 9, na plastiki inaongeza kama gramu mia moja au mbili. Tofauti kati yako bila pakiti na wewe ukiwa umeikumbatia ikiwa 9.1 au 9.2, mizani ni nzuri. Ikiwa 8.5 au 9.8, tafuta nyingine. Usitumie bidoni ya njano ya lita 20 kwa jaribio hili; ikijazwa hadi mdomoni huwa inabeba zaidi ya lita 20, na utailaumu mizani bure. Mwisho egemea mbele, nyuma, kushoto, kulia: namba isihame zaidi ya 0.2.

Tuseme neno kwa wanaopenda usahihi. Goma iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, na hapa dunia inamvuta mtu kwa nguvu ndogo kidogo kuliko kiwango cha kimataifa ambacho mizani hutengenezewa. Kwa mtu wa kilo 70 tofauti ni kama gramu 200. Haina madhara yoyote kwako, kwa kuwa iko hivyo kila siku.

Nyumbani, sakafu ndiyo adui wa kwanza. Nyumba nyingi za mbao za Goma zina sakafu inayocheza ukikanyaga, au udongo wenye mawe chini ya mkeka. Mbao ikinepa, mizani inasoma pungufu. Tafuta karo moja pana, sentimita 40 kwa 40, ilaze sawasawa mahali pamoja na usiihamishe tena. Hapo ndipo pa mizani.

Adui wa pili ni maji, na hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi yanatoka hapa. Ukinywa lita moja ya maji ukapanda, uzito umeongezeka kilo 1 lakini maji yako bado tumboni, hayajaingia kwenye misuli ya miguu. Ukinzani haujabadilika, kwa hiyo mizani inaiona sehemu ya ile kilo kama mafuta. Ukitoka mazoezini ngozi ina joto na jasho, umeme unapita kirahisi, mafuta yanaonekana yameshuka. Kijana anashangilia mafuta "yaliyoyeyuka" kwa saa moja, na asubuhi yamerudi. Ukiharisha au ukiwa na homa iliyokukausha, maji yamepungua, mafuta yanaonekana yamepanda. Ukila jioni bugali nyingi na makayabo (samaki wa chumvi), chumvi inashika maji, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli unashika gramu kama tatu za maji kwa kila gramu yake. Asubuhi uzito umepanda kilo moja au zaidi huku asilimia ya mafuta imeshuka. Wadada, siku za karibu na hedhi mwili unashika maji pia. Linganisha wiki ya mwezi huu na wiki ileile ya mwezi uliopita, si na wiki iliyotangulia.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula na kunywa, umevaa nguo nyepesi zilezile. Jana yake usiwe umefanya mazoezi makali jioni wala kunywa pombe. Futa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu, si cha kuchuruzika. Mwenye magaga asugue kisigino mara kwa mara na kupaka mafuta usiku, lakini asubuhi afute mafuta hayo. Weka kila mguu katikati ya vibati vyake, mapaja yasigusane ikiwezekana, usiongee, usisogee mpaka namba itulie. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, andika zote tatu, chukua wastani. Namba ya siku moja haina maana. Linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya tano. Mafuta yakiwa yamehama chini ya asilimia 1, usiseme chochote bado.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe: mafuta na misuli vinahusianaje na pumzi na nguvu za kijana?

Chukua vijana wawili wa Himbi, wote kilo 70, wote urefu wa mita 1.72. Ule uwiano wa uzito kwa urefu (BMI: kilo ugawanye kwa mita za urefu mara urefu), ambao Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alianza kuutumia katika karne ya 19 na unaotumika hospitali mpaka leo, unawapa wote 23.7, yaani uzito wa kawaida. Lakini mmoja ana mafuta asilimia 14: kilo 9.8 za mafuta, kilo 60.2 za misuli, mifupa, viungo na maji. Mwingine ana asilimia 24: kilo 16.8 za mafuta na kilo 53.2 za vingine. Wa pili amebeba kilo 7 za ziada ambazo hazivuti, hazisukumi wala hazitumii oksijeni nyingi, na amebeba kilo 7 pungufu za zinazofanya kazi. Wapandishe wote mteremko wa Mlima Goma kwa mbio, utaona tofauti kabla ya nusu ya njia.

Mbio, kuruka na kazi yoyote ya kubeba mwili wako mwenyewe zinaadhibu mafuta. Kijana ambaye mwili wake unaweza kutumia lita 3 za oksijeni kwa dakika, akiwa na kilo 70, anapata mililita 42.9 kwa kila kilo. Akipunguza kilo 4 za mafuta bila kupoteza misuli, lita zikibaki 3 zilezile, anapata 45.5. Mapafu na moyo havijabadilika. Mzigo ndio umepungua. Pompe, yaani kujiinua kwa mikono ukiwa kifudifudi, ni vilevile, maana kila pompe unainua takribani theluthi mbili ya uzito wako.

Nguvu za mkono ni habari nyingine. Kunyanyua gunia, kukamata kitu kwa nguvu, kusukuma chukudu: hizi zinafuata wingi wa misuli, na mtu mzito mwenye mafuta kiasi anaweza kumshinda mwembamba bila taabu. Ndiyo maana wembamba pekee hauonyeshi kwamba mtu ni fiti. Kuna vijana wa kilo 54 wasioonyesha tumbo lolote ambao mizani inawapa mafuta asilimia 22, na wakati huu mizani haiko mbali na ukweli: misuli ndiyo iliyokosekana. Dawa yao ni kula zaidi, samaki wadogo wa ziwa Kivu waitwao sambaza, maharagwe, mayai, na kunyanyua vizito. Kufunga kutawamaliza.

Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, linaweka viwango vinavyotumika sana: wanaume wanaofanya mazoezi asilimia 14 hadi 17, wa kawaida 18 hadi 24; wanawake wanaofanya mazoezi 21 hadi 24, wa kawaida 25 hadi 31. Mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi vizuri bila hayo ni asilimia 2 hadi 5 kwa mwanaume na 10 hadi 13 kwa mwanamke. Tunalisema hili kwa uzito, kwa ajili ya dada zetu hasa: mwanamke asiyekula vya kutosha kwa mazoezi anayofanya anaweza kukosa hedhi, na mifupa inaanza kulipa. Hakuna picha ya simu inayostahili gharama hiyo. Na kwa kuwa mizani ya miguu inaweza kukosea kwa asilimia kadhaa juu au chini kwa mtu mmoja, usijipachike kwenye daraja lolote kwa sababu ya namba yake peke yake.

Vitu viwili vya bei ndogo vinaifanya mizani iwe na maana. Cha kwanza ni futi ya fundi nguo. Pima kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukimaliza kutoa pumzi, futi ikigusa ngozi bila kuibana. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 172 abaki chini ya 86. Shirika la Afya Duniani linaonya kuanzia sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Futi haidanganywi na makayabo kama mizani inavyodanganywa.

Cha pili ni mbio za dakika 12, kipimo alichokitoa daktari Kenneth Cooper wa Marekani mwaka 1968. Uwanja wa mpira wenye vipimo kamili, mita 105 kwa 68, ukiuzunguka kwenye mistari ni mita 346. Mizunguko saba ni mita 2,422. Lakini viwanja vingi vya mitaani ni vidogo, kwa hiyo pima kwanza kwa kamba ya mita 50. Kimbia dakika 12, hesabu mita, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Mita 2,400 zinakupa karibu 42.4, mililita za oksijeni kwa kilo kwa dakika. Hewa ya mwinuko wetu ina oksijeni pungufu kidogo kuliko pwani, basi usijilinganishe na jedwali la watu wa Mombasa. Jilinganishe na wewe wa mwezi uliopita. Siku nyingine, ukiwa umepumzika, hesabu pompe bila kusimama: kifua kishuke mpaka kiwe ngumi moja juu ya ardhi, mgongo unyooke.

Baada ya wiki nne hadi sita soma vyote pamoja. Uzito umeshuka, kiuno kimeshuka, mita zimeongezeka: endelea. Uzito umeshuka haraka, zaidi ya kilo 1 kwa wiki, na pompe zimepungua: unapoteza misuli, ongeza chakula, hasa samaki na maharagwe, na usiache vizito. Uzito umesimama palepale lakini kiuno kimepungua na pompe zimeongezeka: hayo ndiyo mafanikio ambayo mizani ya kawaida ingekuficha, na wengi wanakata tamaa wakiwa hapo hapo. Asilimia ya mafuta imeshuka, kiuno hakijasogea: mara nyingi ni maji tu, subiri.

"Umri wa mwili", "mafuta ya ndani" na "uzito wa mifupa" yafumbie macho. Yote ni makisio yaliyotolewa kwenye makisio. Mizani hii haina njia ya kuuona mfupa.

Programu za simu ni sehemu dhaifu. Nyingine zinadai akaunti, mahali ulipo na intaneti kabla ya kuonyesha kilo. Ijaribu dukani ukiwa umezima data. Ikigoma, mizani ile itakuwa inategemea mtandao kila asubuhi. Angalia pia kwamba kipimo kiko kwenye kilo. Kitufe kidogo chini ya mizani kinahamisha kwenda paundi, na 70 inakuwa 154. Ndugu wawili wanaotumia mizani moja wafungue majina mawili tofauti, la sivyo mizani itachanganya vipimo vyao.

Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asiipande hata kidogo. Mjamzito ajipime kilo tu, kwa mizani isiyopitisha umeme. Kioo kikipata ufa, hata mdogo wa ukingoni, usiikanyage tena. Na betri: alama ya "Lo" maana yake imeisha, "Err" mara nyingi ni mguu uliokaa vibaya au nyayo kavu. Mizani ikianza kutoa namba za ajabu wiki moja kabla ya "Lo" kutokea, badilisha betri kwanza ndipo uilaumu. Nunua za akiba mbili siku hiyohiyo unayonunua mizani, kwani zile bapa za duara si kila kioski cha mtaani kinazo.